Nyundo na Manyoya

Mume wangu wanamwita Nyundo, na jina hilo hakupewa kwa upole wake. Kabla hajaanza kuuza kompyuta alikuwa akigonga mabati, anatengeneza masanduku na majiko, na mkono wake wa kulia ulinenepa kuliko wa kushoto mpaka mashati yakawa yanambana upande mmoja. Tulipopata fremu ya duka kwenye lile jengo la vifaa vya umeme, chini kabisa, kwenye korido ndefu isiyojua jua, alikuja na nyundo yake akaitundika msumarini nyuma ya kaunta. Nikamwuliza, "Huku nako unakuja kugonga nini?" Akanijibu, "Wateja."

Tukacheka. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Tulikuwa tunauza kompyuta ndogo, zile za kubeba kwapani, za bei ya mwalimu na mwanafunzi. Mimi upande wangu nilikuwa na mikoba na nyaya za chaji. Watu walizipenda kompyuta zile kwa macho tu, kununua wakaogopa. Kitu kidogo hivi, rahisi hivi, si kitakufa mwezi huu huu? Ndipo Nyundo akabuni mtindo wake. Anaigeuza mashine chali, anasukuma vile vibano viwili kwa kidole gumba, betri inachomoka, anaitia mfuko wa shati. Halafu anainua mashine mpaka begani na kuiachia sakafuni. Paa! Wanawake wanapiga yowe. Anaikanyaga na viatu vyake vyote viwili, anaiokota, anarudisha betri, anabonyeza, kioo kinawaka. "Mama," anamwambia mteja, "hata mumeo hajavumilia hivi." Mteja anacheka huku anafungua pochi.

Alikuwa na sheria moja tu, na hiyo aliishika kama dini: betri mfukoni kwanza, kipigo baadaye. "Mashine ukiipiga bila betri ni sufuria," alikuwa akisema. "Ukiipiga na betri ni bomu. Na ya kuipiga, naitoa betri kwa mkono wangu mwenyewe. Simwamini hata mke wangu." Mimi nikisikia hayo namtupia kitambaa cha vumbi usoni.

Sasa nimseme mdogo wangu. Tulizaliwa wawili tu kwa mama yetu, mimi na yeye. Mama alipokuwa anakata roho alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaingia nyamani, akaniambia, "Huyu usimwache akafa mikononi mwa watu." Hakunipa neno jingine. Basi nikamchukua, mtu mzima na ndevu zake, hana kazi, hana mbele wala nyuma, nikamleta nyumbani. Nyundo hakukunja uso. Akasema, "Shemeji ni shemeji, asimame kaunta."

Akamfundisha kazi yote. Kitu alichokipenda zaidi kumfundisha kilikuwa kupima kwa kiganja. Kule kwetu mzigo ulikuja umechanganyika: mashine nzima, na zile tunazoita maganda, maana ni jumba tupu la plastiki, halina kitu tumboni, linaletwa kwa ajili ya kupanga dirishani. Nyundo alikuwa anamfunga shemeji yake macho kwa mtandio wangu, anamwekea moja baada ya nyingine mkononi, na yule anataja: ganda, nzima, nzima, ganda. Mwanzoni alikosea, akapigwa konzi la mapenzi. Baadaye hakukosea tena. Korido nzima ilikuwa inakuja kutazama kama mchezo, na mimi nilisimama pale najisikia fahari, nikimwambia mama moyoni kwamba mwanawe kapata pa kusimama.

Shukrani ya punda ni mateke, sikuambiwa na mtu, nimeyaona.

Maduka ya kompyuta ndogo yakaanza kuota kwenye korido kama uyoga. Leo yupo huyu anashusha bei, kesho yule anaongeza mkoba wa bure, keshokutwa mwingine anatoa na panya wa kompyuta juu. Mashine zenyewe zikawa zinakonda kila mzigo ukija. Nene zetu zikaanza kuonekana kama matofali. Kila duka likaajiri mpiga debe mlangoni, na wapiga debe wale hawakuwa wanaita mteja, walikuwa wanamkamata. Nimeona kwa macho yangu baba wa watu anavutwa mikono miwili, huku na huku, mpaka shati likachanika mgongoni akabaki na kola shingoni. Nimeona mpiga debe mmoja anamng'ata mwenzake sikio mbele ya mteja, na mteja yule, hakuna haya, akaenda kununua kwa aliyeng'ata. Mimi mwenyewe nilimtwanga mmoja kwa kigoda cha plastiki kwa kuniibia mteja mlangoni. Kigoda kikavunjika mguu, yeye akavunjika jino. Sijuti. Jino alilitafuta mwenyewe.

Katikati ya vurugu hiyo, msambazaji mmoja mwenye mzigo mkubwa akamwona mdogo wangu, akampa mashine mpya, nyembamba kama sinia, na fremu ya kupangia. Fremu yenyewe unajua ipo wapi? Mkabala na sisi. Mlango kwa mlango. Akiangalia mbele anatuona tunakula.

Hakutuaga. Tulifika asubuhi tukamkuta anabandika bango. Nyundo akasimama pale na funguo mkononi, akamwambia, "Shemeji, ungeniambia tu." Mdogo wangu akajibu bila kugeuka, "Ningekuambia ungenipiga." Na kweli angempiga.

Wakamwita Manyoya, kwa sababu wimbo wake ulikuwa mmoja: nyepesi, nyepesi, nyepesi. Aliishika mashine kwa vidole viwili, akajipepea nayo kama mtu aliyetoka jikoni. "Njoo ubebe manyoya!" anaita. "Kule mbele wanauza mawe!" Watu wakacheka, na waliocheka wakaingia kwake.

Hizi mpya betri haichomoki. Imegandishwa ndani, chini ya kibodi, huwezi kuitoa mpaka ufungue skrubu na kubandua gundi. Kwa hiyo mtindo wa mume wangu ukafa. Wenye maduka wakapatana: anayetaka kuonyesha ugumu wa jumba apige ganda, na kila ganda la kupigwa libandikwe utepe wa kijani mgongoni, mtu asije akachanganya. Korido nzima ikafuata. Pamoja na kung'atana masikio, utepe wa kijani hakuna aliyeuchezea. Ukiuona, unapiga bila kuuliza.

Vita vyao vikaanza na maneno vikaishia mwilini. Manyoya alikata waya wetu wa umeme. Nyundo akamvuta kwa ukosi kutoka ndani ya duka lake mpaka katikati ya korido, akampiga kichwa, pua ikachuruzika. Wiki iliyofuata Manyoya akamwotea mume wangu kwenye ngazi na nondo, akampiga mbavu. Tulimfunga bandeji akawa anapumua kama mtu anayenusa. Alipopona akamrudia. Safari ile waligaragara sakafuni, huyu kamkaba yule koo, yule kamtia huyu dole jichoni, na wenye maduka wamesimama wanashangilia kama mpira. Nilichukua ndoo ya maji ya deki nikawamwagia wote wawili, kisha nikawashukia kwa mpini wa deki, kichwani, mgongoni, popote. "Uaneni basi, nizike mmoja!" nilipiga kelele. "Nani kati yenu nimwache mochwari na nani nimpelekee chakula jela? Semeni!"

Waliamka na maji yananuka, kila mtu akaingia kwake.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, nacho ni hicho, nisimzike mmoja kwa mkono wa mwingine. Duka lingekufa, ningeuza karanga. Lakini damu yangu ipo mlango ule, na kitanda changu kipo mlango huu. Walinieleza watu, ati ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Ningelima wapi, kwenye saruji?

Ikaja Jumamosi ya kufungua shule. Korido imejaa, wazazi na watoto wao, huwezi kupitisha hata mkono. Manyoya akapanda juu ya kiti mlangoni kwake, akaita kwa sauti yake yote, "Nyundo! Toka na hiyo nyundo yako ya mabati! Piga mashine yangu mara moja. Ikipasuka, nafunga duka leo hii. Isipopasuka, unafunga wewe!"

Nilimshika mume wangu mkono. "Achana naye. Anakutafuta."

"Kanipata," akasema, akaichomoa nyundo msumarini.

Watu wakatupisha. Manyoya akashuka kitini, akaingia ndani, akatoka na mashine ameishika mwenyewe, mikono miwili. Akaizungusha watu waione. Mgongoni, utepe wa kijani. Akajipepea nayo, watu wakacheka, akailaza mezani kifudifudi. Nyundo akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chini wa mashine, akitafuta vibano, kwa mazoea tu ya miaka. Hakukuta kitu. Akautazama utepe, akaridhika. Yeye ambaye hakumwamini hata mkewe, akauamini utepe.

Alipoinua nyundo, watu wote walisogea mbele waone. Mimi nilikuwa namtazama mdogo wangu. Yeye alirudi nyuma. Hatua moja, akasimama nyuma ya nguzo, akageuza uso.

Nyundo ikashuka.

Halikuwa pigo la ganda. Ganda linalia ko, kama ndoo tupu. Hii ilizomea. Ukatoka moshi mweupe, halafu moto mrefu mwembamba ukaruka juu, kwenye uso wa mume wangu aliyekuwa ameinama, kwenye nyusi, kwenye macho, ndani ya mdomo uliokuwa wazi. Alipiga ukelele ambao sijawahi kusikia mwanamume akiupiga. Watu wakakanyagana. Mtoto wa watu akaangushwa kwenye kioo cha duka. Nilimrukia mume wangu, nikamvua shati linalowaka, ngozi ikaja na kola. Nilimburuta kwa kwapa mpaka kwenye bomba la kuoshea deki na nikamwekea kichwa chini ya maji, na yeye ananipiga mateke bila kujua ni mimi. Nilivunjika kidole. Nilikuja kujua hospitali.

Macho hayakupona. Moja walilitoa, la pili walilishona.

Polisi walikuja, na mwenyekiti wa korido akaita kikao. Manyoya alisimama pale analia, machozi ya kweli, sikatai. Akasema utepe ulibandikwa kimakosa dukani, akasema, "Mashine zangu ni nyepesi mno, ndugu zangu. Ganda na nzima mkononi ni kitu kile kile. Ningejuaje?" Watu wakatikisa vichwa. Si ndio wimbo aliowaimbia kila siku? Walishaununua. Wakaandika ajali, wakaenda zao.

Ile hatua ya nyuma niliiona mimi peke yangu. Nikaisema, wakaniambia, dada, una uchungu, pumzika.

Na mume wangu ndiye aliyenichosha kuliko wote. Amelala na bandeji kichwani kama mtoto aliyefungwa kilemba, ananiambia, "Bahati mbaya, mke wangu. Usimchukie mdogo wako. Mama alikuachia wewe." Nilitoka nje ya wodi nikapiga ukuta ngumi na kidole changu kilichovunjika.

Duka likatushinda. Nilibeba mashine zilizobaki nikazileta nyumbani, nikazimwaga juu ya kitanda, nene na nyembamba, pamoja na zile mpya tulizochukua mwishoni kujaribu kupambana naye. Nyundo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, hana kazi ya mikono. Akapapasa, akaokota moja. Akaiweka kiganjani, akaitikisa kidogo. "Ganda," akasema. Akaiweka kushoto. Akaokota nyingine. "Nzima." Kulia. "Nzima. Ganda."

Nilikuwa nakunja nguo. Nikaacha.

Alikuwa ameshika ile nyembamba, ndugu wa ile iliyompasukia. Nikamwambia, "Hiyo rudia."

"Nzima."

Nikachukua ganda la aina ile ile, nikamtia mkononi. "Na hii?"

"Hili ganda. Una nini leo?"

"Hizi si nyepesi zote? Si wanasema mkononi ni kitu kimoja?"

"Nani kasema? Betri ni betri. Hata iwe nyembamba, utaisikia uzito umekaa upande wa mbele, hapa. Asiyeijua labda..." Kiganja chake kikabaki hewani na lile ganda juu yake. Nilichukua ile mashine nzima, nikakata kipande cha utepe wa kijani, nikaubandika mgongoni. Nikachukua na nyundo. Imeungua mpini.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Sokoni."

Mchana ule korido ilikuwa imejaa vilevile. Fremu yetu walikuwa wameshaingia watu wengine wanauza simu. Manyoya alikuwa mlangoni kwake. Aliponiona, akajaribu uso wa majonzi. "Dada. Shemeji anaendeleaje?"

"Anakusalimu," nikasema. "Kaniambia nikuletee hii uipige. Kasema ukiipiga mara moja mbele ya watu, ameshasahau yote, mtakula sahani moja."

Watu wakaanza kukusanyika, maana walinijua, na nyundo waliijua. Niliilaza nyundo mezani. Kisha nikamtia ile mashine mikononi, mgongo juu, utepe unaonekana.

Hakuitazama hata. Iligusa kiganja tu, na uso wake ukabadilika.

"Dada," akasema, "hii ina betri."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyomwonya mtu asikanyage waya. Yalikuwa yameshatoka ndipo akayasikia na yeye.

Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu, mkononi ana kikombe cha chai. Mpiga debe mmoja, yule niliyemvunja jino, ndiye aliyenena, "Si ulituambia mkononi haijulikani?"

"Nili... hii nyingine, hii ni..."

"Ina utepe wa kijani," nikamwambia. "Mashine ni nyepesi mno. Umejuaje?"

Alifungua mdomo. Nilimpiga kofi kabla neno halijatoka, na la pili, na la tatu, kwa mkono wenye kidole kibovu, nikitaka niumie. "Macho ya mtu!" nilimwambia. "Aliyekufunga mtandio wangu akakufundisha! Umeinama ukabandika utepe kwa vidole alivyovilisha yeye!"

"Nilitaka itoe moshi tu," akalia. "Nilitaka aaibike, dada, watu wamcheke. Sikujua itaruka hivyo. Haki ya Mungu sikujua!"

Basi. Mtu mmoja akamvuta kutoka pembeni. Mwingine akampiga teke la goti. Wapiga debe wale, ambao kwa mwaka mzima walitafuta wa kummalizia hasira zao, wakamshukia kama siafu. Alikuwa ameuchezea utepe wao, na hilo hawakulisamehe. Walimwangusha. Niliona kiti kimeinuliwa, kikashuka, kikainuliwa tena kina damu. Nikasikia, "Ua! Ua huyo!" Na chini ya miguu yao nikasikia anaita. Hakuniita dada. Aliita mama.

Haki ya nani, nilisimama. Nilisimama kwa muda nikamwacha apigwe, na nilikuwa nafurahi.

Halafu kifundo cha mkono kikaniuma pale pale mama alipokuwa ameshika. Nikaichukua nyundo. Niliingia mle nikiizungusha bila kuangalia nampiga nani, nikamvunja mmoja bega, nikamlalia mdogo wangu mwili mzima, nikapiga yowe, "Wa kumwua ni mimi! Ni wangu! Atakayemgusa namfumua kichwa!" Walinipiga mgongoni mateke kadhaa kabla hawajaelewa. Wakaacha. Nilikaa juu yake, natema damu, nyundo mkononi, mpaka polisi wakaja kumchukua. Waliponiondoa, alikuwa ameshika pindo la gauni langu kwa meno, mikono ilikuwa imevunjika.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nyundo alikuwa pale pale ukingoni mwa kitanda, mashine zimepangwa, maganda kushoto, nzima kulia. Alinusa damu, akageuza uso upande wangu.

"Yu hai?"

"Yu hai. Wamempeleka hospitali, kisha jela."

Akatikisa kichwa. Nilijimiminia maji, nikanawa mdomo, nikakaa karibu naye. Mgongo ulikuwa unaniwaka wote.

"Alisemaje?" akauliza.

"Alisema, dada, hii ina betri."

"Alikawia?"

"Hata. Iligusa mkono tu."

Mume wangu akapapasa kulia kwake, akaokota moja kati ya zile nzima, akaishika kiganjani muda mrefu.

"Nilimfundisha vizuri," akasema.